Kisanduku Kilichogoma Saa Saba

Kompyuta ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa ya misheni, pale Mpanda mjini, miaka ya mwisho mwisho ya tisini. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu moja tu: nilikuwa nimetoka Tabora kwenye kozi ya wiki chache, nikarudi na cheti chenye mhuri mkubwa kuliko sahani ya pilau. Sekondari yangu yote niliisoma shule ya jioni, kwa taa ya karabai, mabega yakiuma kwa magunia niliyopakua mchana kutwa stesheni. Mtu wa namna hiyo akipewa funguo za chumba chenye kompyuta, msimlaumu akianza kutembea katikati ya barabara.

Chumba kile tulikitumia watu watatu. Wa kwanza mimi, fundi. Wa pili mama katibu muhtasi, aliyechapa barua na matangazo kwa taipureta na kuzitumia saa zake zote za mapumziko kushona na kudarizi. Kwake kila kitu kilivaa. Simu ilivaa, redio ilivaa, jagi la maji lilivaa kofia yenye shanga pembeni. Nadhani ningekaa kimya mahali pamoja nusu saa na mimi ningeshonewa.

Wa tatu alikuwa mwalimu wangu wa shule ya jioni, mzee wa Mamba huko Mpimbwe, aliyekuwa amestaafu. Yeye ndiye alikuwa akisahihisha insha zangu kwa wino mwekundu na kuandika chini yake, kila mara, "Punguza chumvi." Sasa alikuwa anaandika kitabu: jinsi Wapimbwe walivyolima mpunga, walivyotega wanyama, walivyooana na kuzikana, pamoja na maneno ya Kipimbwe ambayo wajukuu wake walikuwa hawayajui tena. Madaftari aliyoandikia mwanzo yalikwisha kuliwa na mchwa. Akaja misheni, akaomba kompyuta, akawa anachapa kila asubuhi kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama.

Tatizo lilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameshaziba moja na anaanza kulizoea la pili. Nilimkuzia herufi kwenye skrini mpaka neno moja likawa kama mkate. Siku moja akaniambia, bila hata kugeuka, "Kijana, hii ikipotea siandiki tena. Macho hayatanisubiri."

Na kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kulia. Diski ya ndani ilikuwa inatoa mlio wa kuparuza, kama mtu anayekwangua ukoko sufuriani, na yeyote aliyepita kozi yangu ya Tabora alijua kwamba mlio ule ni wa kuagana. Wino wa printa ulikuwa umekauka tangu Pasaka. Flopi tulizokuwa nazo zilikuwa zimekula vumbi jekundu la Mpanda mpaka zikakataa hata kusomwa majina.

Tegemeo letu likawa kisanduku. Mfadhili aliyetuachia kompyuta alikuwa ameacha pia diski ya nje, ndani ya kisanduku cha plastiki kikubwa kama tofali la kuchoma, yenye waya wa umeme na waya mwingine wa kuchomeka nyuma kwenye tundu la printa. Alikuwa ameipanga kompyuta ijitume yenyewe: kila siku saa saba mchana, sisi tukienda kula, ifute nakala ya jana kisandukuni na kuandika nakala mpya ya kila kitu. Saa saba ilichaguliwa kwa akili. Asubuhi mwalimu anachapa, na ikifika saa tisa jenereta ya misheni inazimwa. Nakala yenyewe ilichukua karibu saa nzima, maana mambo yote yalipita kwenye ule waya wa printa kama ng'ombe elfu wanaopita mlango wa kuku.

Basi kisanduku kikagoma. Nikirudi kutoka kula nakuta kwenye skrini maneno ya Kiingereza kwamba kifaa hakiko tayari. Ya jana imefutwa, ya leo imeishia njiani. Mikono mitupu.

"Hakiko tayari?" mwalimu akauliza. "Kinasubiri nini?"

"Nakiangalia, Mwalimu."

"Kiangalie. Usije ukakiandikia insha."

Nilianza na saa. Saa ya kompyuta ilihesabu Kizungu na sisi tunahesabu kwetu, nikahisi labda kazi inaanza wakati jenereta imelala. Hapana, ilikuwa sawasawa. Nikahamia kwenye waya: nikauchomoa, nikaupuliza, nikaufuta kwa spiriti, nikauchomeka. Nikamshuku panya kwamba anatafuna waya, nikatega, nikampata panya mmoja mnene kama sungura, kisanduku kikaendelea kugoma bila yeye. Nikamlaumu fundi wa jenereta kwamba umeme wake unapanda na kushuka. Akaja na kipimo chake, akapima, akaniangalia kwa huruma.

"Umeme umetulia kuliko wewe," akasema.

Kilichoniumiza hasa ni kwamba nikikijaribu mwenyewe, kisanduku kilifanya kazi. Nakaa mbele yake, natuma faili dogo, taa ya kijani inapepesa, faili linafika. Natuma jingine, linafika. Hata kitabu nikikituma hivyo, kesho yake saa saba kinafutwa pamoja na ya jana. Namwita mwalimu, namwonyesha. Mwalimu anaona kijani tu, anashukuru. Kesho yake saa saba, kifaa hakiko tayari. Nilikonda mpaka mkanda wangu ukawa unanizunguka mara mbili. Usiku nilikuwa naota taa za kijani.

Mama katibu alikuwa na ushauri wake. "Mwanangu, mwite padre akibariki."

"Mama, hii ni mitambo."

"Na pikipiki ya katekista si mtambo? Ilibarikiwa, mpaka leo inafika Magamba na kurudi."

Padre akaja na maji ya baraka, na nawaambia nilijirusha juu ya kile kisanduku kama golikipa. Maji yote yakaniingia mimi shingoni. Padre akasema haidhuru, yamempata mhitaji.

Mwisho nikaomba ruhusa nikipeleke Tabora kwa mwalimu wangu wa kozi. Nikakipakata kwenye treni kimefungwa kwenye blanketi. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wetu na ng'ombe wake, akakitazama vituo viwili vitatu, uvumilivu ukamwisha.

"Huyo mtoto mbona halii?"

Nikamweleza kwamba si mtoto, ni mahali pa kuweka nakala, ili kompyuta ikifa maandishi yabaki. Nilijieleza kwa urefu, na cheti nikakitaja. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kama ng'ombe," akasema. "Mimi wote siwaweki boma moja. Wengine wako kwa shemeji, wengine kwa rafiki huko Sibwesa. Ugonjwa ukiingia kwangu, nina pa kuanzia."

"Ndiyo hivyo hivyo, baba."

"Sasa huyu shemeji yako ana shida gani?"

"Nikimpelekea ng'ombe nikiwepo, anawapokea. Nikiondoka tu, anawaacha njiani."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya shuka. "Basi nenda ukamwangalie kwake ukiwa hupo," akasema, akajifunika, akalala. Mimi nilichukia. Nilikuwa nasafiri kwa ajili ya majibu, si mafumbo.

Tabora kisanduku kilinitia aibu ya mwaka. Kiliwekwa juu ya meza tupu, kikapewa nakala nzima, kikaandika asubuhi, kikaandika mchana, kikaandika mpaka mwalimu wa kozi akachoka kukitazama. "Mzima huyu," akasema. "Umemleta kutembea." Nikarudi Mpanda na blanketi langu, nikiwa na hasira za kutosha kuisukuma ile treni kwa mkono.

Niliporudi, mlio wa kukwangua ukoko ulikuwa umeongezeka. Mwalimu alikuwa amefika kwenye sura ya mpunga, na alikuwa anachapa kwa haraka isiyo yake, pua imekaribia kugusa kioo. Nikamsimulia safari yote, pamoja na yule mfugaji. Akaacha kuchapa.

"Wewe unakijaribu vipi?" akauliza.

"Nakaa mbele yake natazama."

"Na mimi nikisimama mbele ya darasa, nani anaibia mtihani? Nilikuwa nawashika nyie kwa kusimama nje dirishani. Kaa nje."

Siku ile sikwenda kula. Nilijibanza nje nyuma ya wavu wa dirisha, jua la saa saba limenikalia utosini, inzi wote wa wilaya wamepata habari zangu. Mwalimu akatoka na fimbo yake. Mama katibu akabaki kufunga ofisi. Akafuta meza. Akaivalisha taipureta yake. Halafu akakiendea kisanduku.

Nacho kilikuwa na vazi. Vazi nililijua, nililiona kila siku na kulivua kila siku, maana mtu hawezi kupima kitu kilichovaa, kama daktari asivyompima mgonjwa juu ya koti. Nikimaliza nilikuwa nalikunja na kuliacha mezani. Lakini sikuwahi kuliona likivalishwa. Lilikuwa la kitenge mara mbili, katikati limewekwa sponji, kama jaketi la safari ya Ufipa wakati wa baridi. Mama akalishusha mpaka chini, akakaza kamba, akafunga fundo upande wa nyuma pale penye matundu ya kupumulia, akalipapasa kidogo kama anayemlaza mtoto. Kisha akazima feni, akafunga mlango, akaenda kula.

Saa saba ikafika. Kisanduku kikaanza kuvuma, taa ya kijani ikionekana kupitia kwenye maua ya kitenge. Kikavuma vizuri. Baada ya muda sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikasita, ikapanda tena, ikashuka kama mtu anayeshusha mzigo, kimya. Nikafungua mlango nikaingiza mkono chini ya vazi. Nilikuta joto la chungu cha maharage. Nusura niungue vidole; siku zote nilikuwa narudi kimeshapoa. Nikalivua lile vazi, nikakaa nalo sakafuni. Miezi yote ile kilikuwa kinazimia kwa joto kwa ajili ya kupendwa.

Sasa shida ikawa kumwambia mwenyewe. Aliporudi alinikuta bado nimekaa chini, vazi mkononi.

"Mama, hiki kinapata joto."

"Ndiyo maana nazima feni, kisipate upepo mwingi."

"Joto ndilo linakizimisha. Hili vazi."

Akalichukua vazi, akaligeuza, akatazama mishono kama vile kosa litakuwa kwenye uzi. "Nililishona wiki mbili hili," akasema. "Sponji nilitoa kwenye mto wangu. Wewe umesema mwenyewe vumbi limekula flopi. Nikasema kitabu cha mzee nacho kisije kikaliwa."

Ni mimi niliyesema, na nilikuwa nimesema kwa kuongeza, kwamba vumbi la Mpanda linaweza kula reli.

Mwalimu alikuwa amefika mlangoni akasikia yote. "Mama," akasema kwa upole, "mtoto akiwa na homa unamfunika blanketi mbili?"

"Simfuniki."

"Basi na huyu ana homa."

Kesho yake asubuhi akaja na vazi jipya, safari hii la chandarua. Alikuwa amekata chandarua chake cha zamani, akakipiga pindo la utepe wa bluu pembeni, akakitundika juu ya kisanduku kwa vijiti vinne, hakigusi popote. Vumbi lilibaki nje kadiri lilivyoweza, hewa ikaingia, na feni ikaachwa inazunguka. Saa saba tulisimama wote watatu dirishani, hakuna aliyekwenda kula. Kisanduku kikavuma mpaka mwisho. Kwenye skrini Kiingereza kikasema kazi imekamilika.

"Kimesemaje?" mwalimu akauliza.

Nikamsomea. Akasema nimsomee tena.

Diski ya ndani ilikufa masika, siku ya mvua kubwa, mwalimu akiwa katikati ya ukurasa. Ukoko ulikwanguliwa mara moja ya mwisho, skrini ikawa nyeusi. Mwalimu aliacha vidole vyake viwili juu ya vitufe kwa muda, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Ilibidi diski mpya ije kwa treni, na treni ile ilikuja polepole kuliko treni zote zilizowahi kujengwa. Siku nilipoifunga na kukichomeka kisanduku, bisibisi ilinidondoka mara mbili. Kitabu kikarudi, sura kwa sura, na maneno yote ya Kipimbwe. Kilichokosekana ni ukurasa wa asubuhi ile tu, ambao kisanduku hakikuwahi kuupokea.

Kufikia hapo jicho la pili nalo lilikuwa limefunga. Nikakaa mimi kwenye kiti chake, yeye akakaa pembeni, fimbo katikati ya magoti.

"Tulikuwa wapi?"

"Mpunga umeanza kuinama, Mwalimu, ndege wamekuja."

"Andika. Ndege walikuwa wengi."

"Niweke elfu kumi?"

"Weka wengi."

Tukaendelea hivyo mpaka saa saba. Mama katibu akavalisha taipureta yake, akachukua mkoba, halafu, kabla ya kutoka, akainua pindo la bluu la chandarua na kukigusa kisanduku kwa mgongo wa kiganja.

"Leo hana homa," akasema, akaenda kula.