Vitufe Sita vya Baba

Mambo ya ruksa yalipoanza, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, baba yangu alikuwa na duka la nati na vipuri Ngarenaro, Arusha, na sijui mtu aliyeipokea ruksa kwa mikono miwili kama yeye. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha. Rafiki yake mmoja alianza kwenda Dubai kununua bidhaa, na safari moja akamletea simu ya mezani rangi ya maziwa, yenye vitufe sita pembeni vya kuhifadhi namba. Unaiingiza namba mara moja tu; siku ukimtaka mtu unabonyeza kitufe chake, simu inapiga yenyewe. Ile simu yetu nyeusi ya kuzungusha kwa kidole ilihamia uvunguni siku hiyohiyo.

Kando ya kila kitufe palikuwa na nafasi ya kuandika jina. Baba alikata vipande vya karatasi, akavaa miwani. Cha kwanza kaka yangu mkubwa, aliyekuwa Dar es Salaam. Sawa, kifungua mimba. Cha pili dada yangu, Moshi. Sawa pia. Mimi ni wa tatu, nikasogea kuona cha tatu: muuza vipuri wa Nairobi. Cha nne mchungaji. Cha tano daktari. Cha sita, Mungu anisamehe, muuza pombe ya mbege wa Moshono. Mzee wa kanisa, kitufe kizima kwa ajili ya mbege!

Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amenitaka nikae dukani, nikakataa, nikaenda Usa, nje ya mji, kuwa karani kwenye shamba la maua, mojawapo ya yale yaliyokuwa yakianzishwa chini ya Mlima Meru. Kwa hiyo nilijiona najua kwa nini sikuwekwa. Mimi ni mtu wa kununa, na hapo nilinuna kweli.

Hata hivyo alikuwa akinipigia. Simu ya ofisi ilikaa mezani pangu, na karibu kila Ijumaa iliita, nikasema shikamoo baba, naye akasema marahaba.

“Mvua huko?”

“Inanyesha.”

“Haya. Wasalimie.”

Akakata. Kwake simu ilikula pesa hata ukikohoa. Nami kila alipokata niliviwaza vile vitufe sita, nikaona ananipigia kama mtu anayetoa mchango wa jumuiya, ili asije akasemwa.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikaanza kuingia nchini, na serikali ikapanga upya namba zote za simu. Za mjini Arusha ziliongezewa tarakimu zake mbele. Zetu za Usa zikapewa tarakimu nyingine kabisa. Ukikosea, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inakuambia namba hiyo haipo. Kaka alikuja kutoka Dar, akakaa na simu ya baba mchana kutwa, akavirekebisha vitufe vyote sita. Mbege haikukosa hata wiki moja.

Simu za Ijumaa zikakoma. Nikangoja. Ningeweza kupiga mimi, maana mtoto ndiye humtafuta mzazi, hilo nimelelewa nalo. Sikupiga. Nilijiambia kwamba hata mvua sasa ameona hainihusu. Nilipokwenda Ngarenaro nilimwamkia, kisha nikaingia jikoni kwa mama nikamenya ndizi mpaka saa ya kuondoka.

Moyo wake ulipoanza kumsumbua nilikwenda mara nyingi zaidi, lakini ni jikoni kulekule. Siku moja aliniita sebuleni.

“Pale kazini kwenu simu bado ipo?”

“Ipo.”

“Inafanya kazi?”

“Inafanya, baba. Inaita siku nzima.”

Akaitazama mikono yake. Nilidhani anatafuta njia ya kunirudisha kwenye habari za duka, nikaaga kabla hajaanza.

Alifariki kabla ya Krismasi, tukamzika Machame, kihambani, kwenye shamba letu la ukoo. Wageni walipotawanyika, mimi na mama tulirudi Ngarenaro kusafisha nyumba. Nilikuwa nafuta vumbi sebuleni, na nilipofika kwenye ile simu hasira ya miaka yote ikanipanda.

“Mama, hata muuza mbege alipewa kitufe. Mimi nilimkosea nini baba?”

Mama alinitazama kwa mshangao. “Vile vitufe ni vya namba zilizokuwa zinamshinda kichwani. Hata hiyo ya mbege haikumkaa. Yako aliishika. Nilimwambia akuweke, akasema ya huyu naijua, niharibu kitufe kwa nini?”

“Mbona aliacha kupiga?”

“Nani aliacha? Kila Ijumaa alikaa hapo. Anabonyeza zile tarakimu mpya alizofundishwa na kaka yako, halafu namba yako. Yule mwanamke wa kwenye simu anamwambia haipo. Anaweka chini, anaanza upya. Nikamwambia akuulize wewe mwenyewe, au amuulize kaka yako. Akakataa. Eti atamwambiaje mtu kwamba amesahau namba ya mtoto wake? Alidhani ni kichwa, mwanangu. Alidhani ugonjwa umeshafika kichwani.”

Niliketi sakafuni na kitambaa changu. Nililia kwa sauti, kwa sababu nilimwona ameketi pale na miwani yake, akibonyeza namba aliyoijua vizuri kabisa, na kuanza kuiogopa akili yake mwenyewe. Mama aliniacha nilie. Baadaye akaniuliza, bila ubaya wowote, kama namba ya kwetu Usa nayo ilibadilika, na kama nilimpa baba ile namba mpya.

Namba zilipobadilika ofisini, mimi ndiye niliyechapa barua za kuwaarifu wanunuzi wa maua wote, kuanzia Uholanzi mpaka Uingereza, na niliziangalia mara mbili nisimsahau hata mmoja. Nikamwambia mama, ilibadilika. Baba sikumpa.