Tarumbeta Jeupe

Tarumbeta ambalo baba alilitafuta tangu kiwanda kilipofungwa lilipigwa uani kwetu Goba, kwenye harusi ya mdogo wangu, na baba mwenyewe akalituza noti. Hakulitambua. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe, ile ya kupaka friji.

Baba alikuwa mpuliza tarumbeta wa bendi ya kiwanda cha nguo Chang'ombe, enzi ambazo kiwanda kilikuwa na bendi yake kama kilivyokuwa na kantini. Kilipofungwa, vyombo vya bendi viliuzwa kwa mnada pamoja na meza na mafeni, yeye akiwa Songea kwenye msiba. Tangu hapo akawa anaulizia: kwa wanunuzi wa chuma chakavu Temeke, kwenye makanisa yenye matarumbeta, kwa wenzake wachache waliobaki. Wote aliwatajia alama ileile ya kulitambua. Kitufe cha katikati kilikuwa kimedondoka, naye akalehemu mahali pake kifungo cha shaba cha sare yake.

Kifungo hicho nilikiona mimi, baada ya harusi, kwa mchomeleaji wa Chang'ombe nilikokwenda kufuatilia magrili ya madirisha. Mwanamume mmoja alikuwa anasubiri fundi amlehemie tarumbeta jeupe lililoachia kiungo. Moto ulibabua rangi, na chini ya rangi kifungo kikatokea.

Mwanamume yule ndiye mkuu wa kundi la matarumbeta lililotupigia. Nilimweleza habari yote, akasikiliza bila kubisha. Alilikuta kwa muuza chuma chakavu likisubiri kupimwa kilo. Rangi aliipaka kwa sababu sare za kundi ni nyeupe, na maharusi hupenda picha zilingane. Kuuza akakataa.

“Dada, hayo mengine yanapiga kelele. Hili ndilo linaloimba.”

Nikaomba basi baba alishike tu. Akasema likitoka linatoka na kundi zima, kama shughuli nyingine yoyote. Kwa hiyo tukakodi kundi.

Walikuja Jumanne mchana kwa pikapu, wakipiga tangu barabara ya lami, ndiyo desturi yao. Kabla hawajashuka majirani walikuwa wamejaa getini, wamevaa kanga, wamenuna kidogo. Jirani wa nyumba ya tatu alimuuliza mama anaoza nani tena kimyakimya, bila hata kadi ya mchango.

“Namuoza baba yao,” mama akasema.

Wakacheka, wakaingia, ikabidi chai ibandikwe.

Baba alilipokea tarumbeta akiwa amekaa. Alikwangua rangi iliyobaki kwenye kifungo kwa ukucha, akasema ndilo. Kisha akaliweka mdomoni. Ulitoka upepo mtupu. Akarudia, upepo. Akavua meno ya bandia, akayafunga kwenye leso, akajaribu bila meno, ikawa vibaya zaidi.

“Mzee, unapoza uji?” mpiga ngoma akauliza.

Aliyecheka sana ni baba. Mkuu wa kundi hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

“Mzee wangu, sikuachii likalale kabatini. Siku ukipiga wimbo mmoja mpaka mwisho, ni lako, wala sikudai kitu.”

Akachomoa kipulizio, kile kipande cha mdomoni, akamwachia afanyie mazoezi. Yeye anacho kingine. Tarumbeta likapanda pikapu, wakaondoka wakipiga.

Siku hizi baba akishakunywa chai anakwenda nyuma ya jiko na kipulizio chake. Fundi wa meno alimwambia anaweza kumtengenezea meno yanayobana zaidi, ila ufizi wa chini umebaki mwembamba na hawezi kumwahidi kwamba yatahimili kupuliza. Baba amemwambia atengeneze tu. Mkuu wa kundi hupiga simu mara mojamoja kumjulia hali. Haulizi kuhusu wimbo, na baba hamwambii.

Wiki iliyopita mama alitoka jikoni akasema imetoka sauti. Nilikuwa chumba cha pili, na kweli nilisikia kitu. Kama ilikuwa noti ya muziki au pumzi tu, siwezi kusema.