Mutua Alipofika Tseikuru

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, jua likiwa bado linapiga mabati, na sikuwa nimeonja kitu isipokuwa chai niliyokunywa mjini Mwingi na andazi moja. Natanguliza hilo kwa sababu nimezoea. Kila nikifika katikati ya kisa hiki kuna mtu lazima aniulize kama nilikuwa nimelala vizuri. Nililala vizuri sana. Hebu nisikilize hadi mwisho, halafu useme unachotaka.

Rafiki yangu aliitwa Mutua. Alikuwa mwalimu wa jiografia aliyestaafu, hapa kwetu Mbumbuni, Makueni, na wazimu wake ulikuwa redio. Sio hii ya kusikilizia taarifa na matangazo ya vifo. Yake ilikuwa ya kuongea. Alikuwa na leseni, betri ya lori, na waya mrefu aliokuwa ameufunga kutoka kwenye tangi la maji hadi kwenye mti wa mkaratusi nyuma ya nyumba. Jioni alikuwa anavaa hedifoni, anafunga macho, anaita ulimwengu. Na ulimwengu ulikuwa unamjibu, niamini! Mtu wa Brazili. Mtu wa Japani. Baharia fulani aliyekuwa katikati ya maji, mbali na nchi yoyote, akitaka tu kujua kama kwetu kumenyesha.

Mkewe, Kalekye, alikuwa anasema ameolewa na mtu ambaye majirani wake wote wako ng'ambo.

Wakati mmoja alibadilisha ule waya akaupitisha karibu na kanisa letu. Jumapili, pasta ameinamisha kichwa anaomba, watu kimya, mara spika zikapasuka kwa sauti nzito yenye kukwaruza: "Hello, hello, unanipata? Unanipata?" Mama mmoja wa benchi la mbele akainua mikono juu akalia, "Nakupata, Bwana!" Sisi tuliojua ni nani tulitoka nje tukiwa tumeziba midomo kwa leso. Mutua aliomba msamaha mbele ya kanisa zima, na hata huo msamaha ulichekesha.

Sasa, mtu huyo aliyefika kila mahali kwa sauti alikuwa na shida moja: hakuweza kupanda gari. Likianza tu kuondoka anatapika. Haikujalisha ni basi au gari la harusi, kiti cha mbele au cha nyuma. Hakuwahi kuvuka Makueni tangu alipotoka chuo cha ualimu, na hata kutoka chuoni alisema alitembea sehemu kubwa ya njia.

Kwa hivyo watu ndio walikuwa wanamjia. Abdullahi alikuja hivyo. Huyu ni mwenye duka kule Tseikuru, kaskazini kabisa mwa Kitui, na pia ananunua na kuuza mifugo. Alileta ng'ombe kwetu mara moja, akapita karibu na dirisha la Mutua, akasikia mtu wa mbali anasalimia kwa Kiswahili kibovu. Alisimama kusikiliza. Alisikiliza mpaka ng'ombe wake wakaingia kwenye kunde za watu. Kelele ya siku hiyo iliisha, kunde zikalipwa, na hao wawili wakawa marafiki. Mutua akamfundisha, Abdullahi akafanya mtihani, akapata leseni yake na redio ya mitumba.

Lakini redio ya Abdullahi ilikuwa inasikia tu. Ikiongea, haifiki popote. Mutua alijua kwa nini: waya ulikuwa umelalia mabati, na ulikatwa vibaya. Kila jioni alikuwa anamwambia kwa simu, "Usiuguse. Nitakuja mwenyewe nikuwekee vizuri." Na Abdullahi anacheka, "Utakuja na nini, Mwalimu? Na punda?" Huo mzaha ulienda miaka.

Halafu Mutua akatuacha. Presha. Alilala mchana baada ya chakula, hakuamka. Tulimzika na suti yake ya kijivu na tai nyekundu ambayo Kalekye alimnunulia ya kustaafu. Walikuja watu ambao hatukuwahi kuwaona, wengine walimjua kwa sauti peke yake, wakasimama kaburini wakaongea juu yake kama mtu waliyekula naye. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Abdullahi hakuja. Ilikuwa msimu wa mvua, upepo ulikuwa umeharibu mtambo wa simu upande wa Tseikuru, na namba yake haikuingia siku zote hizo. Mimi nafanya biashara ya mbuzi na njia hiyo ni yangu. Baada ya mazishi Kalekye akanishika mkono.

"Wewe ndiye unaenda huko," akasema. "Usimwachie mtu ujumbe. Mwambie kwa mdomo wako."

Basi nikawasha pikapu yangu. Nikavuka mto Athi, nikapita Kitui mjini, nikanywa ile chai ya Mwingi, nikashika barabara ya Kyuso. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Utamwambiaje mtu kitu kama hicho? Unaanza na salamu? Unaanza na pole? Mito ya mchanga ilikuwa imeanza kubeba maji, na nilipovuka wa mwisho niliona kwenye kioo maji yakipanda nyuma yangu. Nikasema, leo silali kwangu.

Abdullahi alikuwa mlangoni pa duka. Aliponiona alinyoosha mikono.

"Karibu, dada! Leo ni msafara kabisa! Mbona hamkuja pamoja?"

"Pamoja na nani?"

"Na Mwalimu! Yuko nyuma, juu ya paa. Amekataa hata chai, anasema kazi kwanza."

Nilikasirika. Nilidhani amepata habari na anafanya mzaha mbaya. Nikamtazama usoni nikitafuta huo mzaha, lakini uso wake ulikuwa wa furaha tu, kama mtoto aliyepata mgeni. Maneno yote niliyoyapanga tangu Mbumbuni yalitoka kichwani. Nikazunguka nyumba.

Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Juu ya mabati, amenipa mgongo, kulikuwa na mtu wa suti ya kijivu, mikono ya koti ameikunja hadi viwikoni. Alikuwa anapiga mluzi. Tai nyekundu alikuwa ameiingiza kati ya vifungo vya shati isimsumbue. Aligeuka.

Ungefanya nini wewe? Niambie ukweli. Watu wengi wananiambia wangekimbia. Mimi miguu ilikataa, na pia, naona haya kusema, moyo wangu uliruka kwa furaha kabla ya kukumbuka kuogopa.

"Wakya, mwiitu wa mwaitu?" akaniamkua. Hivyo ndivyo alivyokuwa ananiita, mtoto wa mama yake, ingawa hatukuzaliwa pamoja. "Usisimame bure. Nishikie huu waya."

Akanitupia ncha ya waya. Nikaudaka. Nikawa nimeushika!

"Vuta. Si hivyo, hujashika mbuzi. Polepole. Peleka kwa ule mlingoti."

Nikapeleka. Alikuwa amesimamisha mlingoti wa chuma kando ya choo, na mwingine mbele ya zizi, na waya ulikuwa unapanda juu, mbali na mabati, umenyooka vizuri. Nilivuta hadi ukanikata kiganjani. Hapo ndipo sauti yangu ilirudi kidogo.

"Mwalimu," nikasema, "umefikaje huku?"

Akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega. "Sikupanda gari. Na unajua nini? Sijatapika hata kidogo!"

Nilicheka. Naapa, nilicheka naye, machozi yakinitoka. Halafu nikasema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni. "Kalekye anakusalimia."

Alishika ule waya kama mtu anayepima uzito wake. Kisha akasema polepole, "Mwambie nimefika Tseikuru. Mwambie ni kuzuri." Akaangalia upande wa mto. "Ambia Abdullahi awashe redio leo. Asingoje kesho. Haya, nishikie ngazi nishuke."

Niliinama kushika ngazi. Nilipoinua macho, mabati yalikuwa matupu. Nilizunguka nyumba nzima nikiita. Ardhi yote ilikuwa tope laini kwa ajili ya mvua, na nyayo zilizokuwa hapo ni zangu na za kuku.

Nilirudi dukani nikamwambia Abdullahi. Nilimwambia yote: presha, mazishi, suti. Kwanza alicheka. Halafu akaniangalia, akaona kiganja changu kinatoka damu, akaketi juu ya gunia la sukari. "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Dada, mimi nimempa mkono. Ulikuwa baridi. Nikadhani ni mvua imempiga."

Hatukupata muda wa kuogopa sana. Jua lilikuwa linaanza kushuka wakati mkewe Abdullahi aliingia mbio. Binti yao Halima alikuwa na mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umemshika tangu adhuhuri. Sasa alikuwa anatoka damu. Nesi wa zahanati alikuja, akampima, akasema wazi: hapa siwezi, anahitaji hospitali, na anaihitaji sasa. Simu hakuna. Ule mto niliovuka ulikuwa umejaa. Pikapu yangu ingebebwa kama kiatu. Na hata tungemvusha Halima kwa njia yoyote, huko ng'ambo nani angekuwa anatungoja?

Nilimwangalia Abdullahi, naye akaniangalia. "Alisema uwashe leo," nikamwambia.

Alijaribu kuunganisha betri, nyaya zikamponyoka. Niliunganisha mimi. Akashika maikrofoni, akaita. Kelele tu, kama mafuta kwenye karai. Akaita tena, akataja Tseikuru, akasema kuna mama mgonjwa. Chumba cha pili tulikuwa tunamsikia Halima akiita mamake. Na hapo, kutoka kwenye zile kelele, ikatoka sauti ya mzee mmoja, safi kama yuko kaunta ya duka.

"Tseikuru, hapa ni Makindu. Nakupata vizuri sana. Sema polepole, mgonjwa ana nini?"

Kutoka Tseikuru hadi Makindu, hebu fikiria! Redio ambayo haikuwahi kumfikia hata jirani! Nesi akampokonya Abdullahi maikrofoni akaeleza yeye. Mzee wa Makindu alikuwa na simu inayofanya kazi. Akapiga hospitali, akarudi hewani akatuambia ambulansi imetoka upande wa Kyuso na itatungoja ng'ambo ya mto. Akakaa nasi hewani, anatuuliza kila mara mgonjwa yuko vipi, anamwombea kwa dini yake nasi tunaitikia kwa zetu.

Jirani alileta trekta. Tulimlaza Halima kwenye trela juu ya magodoro, mamake amemshika kichwa, nesi amemshika mkono. Maji yalifika kwenye ekseli, trekta likayumba katikati, nikafumba macho. Nilipofumbua, taa ya buluu ilikuwa inazunguka upande wa pili.

Alijifungua mvulana kwa upasuaji. Mama mzima, mtoto mzima, mapafu ya mtoto mazima kupita kiasi. Aliyetuletea habari ni mzee wa Makindu, hewani, na Abdullahi alipiga ukelele uliowaamsha mbuzi wote waliokuwa zizini.

Niliporudi Mbumbuni nilienda kwa Kalekye moja kwa moja, hata mbuzi sijawashusha. Nilimpa salamu kama nilivyotumwa. Nilipofika pale pa kutotapika alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika, na sikujua analia au anacheka mpaka alipoinua uso. Vyote viwili. "Huyo ni yeye," akasema. "Mtu mwingine hawezi kujisifu kwa kitu kama hicho."

Mpaka leo kiganja changu kina mstari mwembamba pale waya uliponikata. Hauumi, lakini mvua ikikaribia unawasha, na majirani wangu wameanza kuniuliza mimi kabla ya kupanda mahindi. Abdullahi amebadilisha mabati mara moja tangu siku ile, na fundi alipewa onyo kali asiguse ule waya. Upepo mkali umeshapita hapo, nyani wameshaning'inia, bado umenyooka. Mimi nami nilifanya mtihani nikapata leseni, na sauti yangu sasa inafika mahali ambapo mbuzi wangu hawatafika.

Pasta ananiambia nisiseme mambo haya, yanachanganya watu. Shehe wa Tseikuru alimwambia Abdullahi vivyo hivyo. Wana haki yao. Mimi nasema nilichoona, na sikulazimishi.

Ila nikuonye jambo moja, na hili ulishike. Siku ukitumwa kupeleka habari ya msiba kwa mtu aliye mbali, usianze kulia ukiwa mlangoni. Salimia. Kaa chini. Kisha uliza kwanza, kwa upole, kama leo wamepata mgeni. Wakisema ndiyo, yuko nyuma anafanya kazi, usipoteze wakati kuuliza maswali kama mimi. Nenda ukamsaidie.