Ng'ombe Niliyekataa Kumchinja

Nimechinja wanyama tangu nilipokuwa kijana, na sioni aibu kulisema. Baba yangu alikuwa mchinjaji mjini Beni, mashariki mwa Kongo, mjomba wangu akanifundisha kazi Butembo, na nyama inayoliwa katika nyumba nyingi za Vulamba, upande wetu wa mji, za Wakatoliki kama za Waislamu, imepita chini ya kisu changu. Kwetu mchinjaji huwa Mwislamu ili kila mtu ale bila kuuliza. Ndiyo maana watu wakinisikia nikibishana juu ya haki ya mnyama, wanacheka. Wanasema mchinjaji ametubu. Sijatubu. Ninachosema ni kwamba mkono unaoua ndio wenye wajibu mkubwa kuliko mikono yote.

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Kisu kinolewe mnyama asikione. Asichinjwe mbele ya mwenzake. Asiburutwe kwa mguu. Hakunieleza sababu. Siku moja nilimuuliza, mnyama anajua nini juu ya kisu? Alikuwa ananawa mikono, akanijibu bila kugeuka: "Yeye hapana jua. Weye njo unajua."

Mwaka mmoja watu waliokuwa wakikimbia mauaji katika vijiji vya upande wa Kamango waliuza mifugo yao kwa haraka, kwa yeyote aliyekuwa na lori. Tajiri mmoja wa mji, ambaye sote tulimwita patron, alikuwa analo. Asubuhi moja ya mvua alileta ng'ombe sita machinjioni. Wa tano alikuwa jike mwekundu, mwenye pembe moja iliyokatika, na kiwele kilichoanza kujaa. Niliweka ngumi yangu kwenye ubavu wake wa kulia, nikasukuma. Kitu kizito kilirudi kikanigonga mkono kutoka ndani. Nikasukuma tena, kikanigonga tena.

Nilimfuata patron mlangoni, alikokuwa amesimama chini ya mwavuli.

"Patron, hii ng'ombe iko na mimba. Mimba mukubwa."

"Najua. Njo maana iko na kilo."

"Angoje azae kwanza."

"Angoje wapi? Mu chumba yangu?"

Watu walicheka. Nilifuta kisu, nikakirudisha katika ala yake ya ngozi.

"Miye hapana chinja yeye," nilisema.

Patron alinitazama kama mtu anayeona kiti chake kimeanza kuongea. "Mais, kazi yako ni kisu. Kufikiri ni kazi ya benye bakonayo ng'ombe."

Kati ya waliokuwa wakingoja nyama alikuwepo mama mmoja Mnande, mfanyabiashara, ambaye alikuwa amenunua kwetu kwa miaka mingi. Tuliheshimiana. Mimi nilimkatia vizuri, naye kila Idi hakukosa kuja kuwasalimia watu wa nyumbani kwangu. Aliweka beseni lake chini, akanisogelea.

"Papa," alisema kwa upole, "kule Beni batu banakwisha. Kila juma tunazika. Donc weye unalilia mutoto ya ng'ombe?"

Swali lile si la mchezo. Nimelisikia mara nyingi tangu siku ile, kutoka kwa watu wenye akili na wenye majonzi, na kila mara linanikuta mahali pale pale. Kaka yangu, yaya kama tunavyosema kwetu, alikuwa dereva. Aliuawa kwenye barabara ya Kamango, na mimi ndiye niliyekwenda kumpokea.

"Mama," nilimjibu, "yaya yangu nilimukuta bamemufunga mikono kwa nyuma. Bale benye balimuua, ile kitu balijifunza wapi? Balizoea kwamba mwenye amefungwa hana neno ya kusema."

Mwanamume mmoja alidakia nyuma yake: "Sasa unalinganisha yaya yako na ng'ombe?"

"Hapana. Nalinganisha mikono. Mikono yabo na yangu."

Hakuna aliyecheka tena, lakini hakuna aliyekubaliana nami pia. Patron alimtuma motard mmoja, dereva wa pikipiki, kwenda mtaa wa Rughenda kumleta mchinjaji mwingine. Nilisimama katikati ya mlango, kamba ya yule ng'ombe mkononi. Yule mwenzangu alipofika hakunitazama machoni. Wanaume watatu walinisogeza kando, si kwa kunipiga, kwa kunisukuma tu kama unavyosukuma gunia, na ng'ombe akaingizwa.

Nilibaki nje mpaka wakamaliza. Ndama walimtupa karibu na mfereji, wanapotupa vitu vya mbwa. Alikuwa ameota manyoya tayari. Kwato zake zilikuwa laini, za manjano. Nilimtia katika gunia, nikapanda naye mlima mpaka kwangu Vulamba, watu wakinitazama. Mke wangu alikuwa anapalilia migomba. Aliangalia ndani ya gunia, kisha akaangalia uso wangu, akaanza kuchimba. Nilipotaka kumshusha ndama alinizuia. "Bado," alisema. "Shimo ni fupi, imbwa itafukua." Tukachimba tena.

Patron alipitisha neno kwamba nisipewe kazi. Baada ya siku chache nilikwenda kwa imamu wetu, mzee mwenye elimu ambaye aliwahi kunisomesha. Alinisikiliza, akaniambia kwamba kama mtu ana haja, kumchinja mwenye mimba si dhambi.

"Sikuja kuuliza kama ni dhambi," nilimwambia. "Nauliza kama ni sawa."

"Na tofauti ni nini?"

"Dhambi ni habari yangu mimi na Mungu. Hii nyingine inamuhusu ng'ombe pia."

Alisema mtu mkaidi kama mimi angefaa kuwa mwanasheria. Sikujua kama ananisifu.

Nikaanza kuchinja majumbani, kuku na mbuzi wa sherehe na wa matanga. Mbuzi wanafika kwa pikipiki kutoka barabara ya Beni, wamefungwa miguu, vichwa vinaning'inia karibu na gurudumu. Niliweka masharti. Mbuzi afunguliwe, apewe maji, angojewe mpaka miguu irudi kumbeba. Bwana mmoja mwenye wageni wengi uani alikasirika.

"Papa, atakufa sasa hivi. Maji ya nini?"

"Atakufa akiwa amekunywa."

"Na nikikataa?"

"Chinja weye mwenyewe. Kisu yangu narudi nayo."

Alimpa maji. Wengine hawakumpa, nikaondoka, na jioni ile nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila nyama. Mke wangu hakulalamika. Mimi nililalamika, kimoyomoyo, juu ya dunia nzima, halafu kesho yake nikaweka masharti yale yale.

Miezi ikapita. Siku moja nilimwona yule mama Mnande akipanda njia ya kwangu. Binti yake alikuwa anapokea komunyo, na alihitaji mbuzi wa wageni. Alikuwa amemshika mbuzi kwa kamba, wanatembea wote wawili. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mbuzi vile vile. Kutoka soko aliponunua mpaka kwangu ni mwendo wa saa nzima.

"Nimetembea naye," alisema kabla sijamsalimia. "Usinisemeshe kitu."

Nilimletea kiti.

Machinjioni mambo hayajabadilika sana. Bado wanaua wenye mimba, na daktari wa mifugo, ambaye angepaswa kuwazuia, huja siku anayotaka. Lakini siku za ng'ombe ninakwenda kusimama nje ya lango. Wakishushwa kwenye lori ninawagusa ubavu mmoja mmoja, na nikimkuta mwenye mimba ninasema kwa sauti, wanunuzi wote wasikie: "Huyu iko na mutoto." Wameshanifukuza. Walinzi wameshanipiga kibao. Ninarudi. Wanunuzi wengine sasa wanapita mbali na nyama ya yule niliyemtaja, na hilo linawauma wenye malori kuliko maneno yangu yote.

Jumatatu iliyopita tajiri mwingine, si yule wa kwanza, aliniita kabla hajafungua mlango wa lori. "Papa, gusa huyu," alisema, bila kunitazama. Niligusa. Nilisukuma mara tatu na hakuna kilichorudi. Nikamwambia hana kitu. Akaniuliza kama nina kisu. Ninacho kila siku. Nikaingia ndani na yule ng'ombe, nikamchinja mwenyewe.