Picha Safi ya Jirani

Jirani yangu, bibi aliyechuma chai Mponde hadi akazeeka, bado anachuma. Akipita penye wigo wangu vidole hukata majani mawili na chipukizi, mkono ukayarusha nyuma ya bega, kwenye kapu ambalo halipo. Nilimpeleka mjini akapigwa picha ya ubongo. Daktari akasema picha ni safi, ila haionyeshi yote, tukamwangalie nyumbani. Mimi nilisikia “safi” tu. Nikaibandika dirishani, nikawa nawaeleza majirani kana kwamba niliusomea ubongo. Naye akaja kuitazama. Bibi huyu, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, akainama mbele yangu na kusema taratibu, “Shikamoo, baba.” Nikaitika marahaba, nikaendelea kueleza jinsi ubongo wake ulivyo safi.