Treni Isiyosimama Suna

Watu wa Suna watakuambia niliota. Usibishane nao, maana ni mimi mwenyewe niliyewaambia hivyo. Lakini wewe umeketi hapa kwangu, umekunywa chai yangu, na umeniuliza kuhusu hiyo treni iliyo mezani, kwa hivyo nitakupa ukweli wake. Sikuota. Nilikuwa macho, nimekula nikashiba, na pombe sijawahi kuionja maishani. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Treni yenyewe ni hiyo unayoiona, kichwa kimoja na mabehewa matatu. Ni mfano wa ile treni ya kwanza ya Wajapani iliyoshangaza dunia kwa mbio, ile ya pua ya mviringo, nyeupe yenye mkanda wa buluu. Mjapani mmoja aliyekuja kufunga pampu za maji alimwachia mume wangu alipokuwa anarudi kwao. Mume wangu alikuwa fundi wa umeme hapa Homa Bay, na mji mzima ulimwita Stima. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu hazijaingia mifukoni mwa watu.

Stima alipigilia reli zake kwenye ubao wa plaiwudi, mzunguko mmoja mkubwa, halafu akachukua chaki akaandika vituo: Homa Bay, Rongo, Awendo, Suna, Kegonga. Nilimcheka mpaka nikashika mbavu. Ni nani amewahi kuona reli Kegonga? Huku kwetu hata filimbi ya treni hatuijui. Akaniambia, "Nyar Karachuonyo, treni ikikataa kuja kwa watu, watu watengeneze yao." Nyar Karachuonyo ni mimi, yaani binti wa Karachuonyo. Kwetu mke huitwa kwa alikotoka.

Kila Jumamosi jioni aliiendesha. Na kila ilipofika Suna, kwao, aliisimamisha. "Suna, dakika moja!" alitangaza, na mimi nililazimika kujifanya abiria anayeshuka na kuku. Usinicheke. Mapenzi ya watu wazima ndivyo yalivyo.

Treni ndogo ina deko kuliko mtoto wa kwanza, niamini. Reli zikishikwa na vidole vya mafuta, inasitasita. Lazima uzipanguse kwa kitambaa chenye spiriti. Giya zake hutiwa mafuta ya cherehani, tena kwa ncha ya sindano, tone moja tu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi, sisi tunawaita sam, wakiingia kwenye mota wanakauka humo na kuwa unga. Lakini adui mkubwa alikuwa mimi. Nilipenda kulaza kichwa ubaoni ili niione ikinijia kama treni ya kweli, na nywele zangu, zilizokuwa ndefu na nyingi wakati huo, zilianguka kwenye reli na kujiviringisha kwenye ekseli. Treni inakwama. Stima anaigeuza chali kama daktari, anazivuta nywele kwa koleo ndogo, unywele mmoja mmoja, huku akinung'unika: "Wajapani walifikiria matetemeko ya ardhi, wakafikiria theluji. Wewe hawakukufikiria."

Siku moja alipanda boti kwenda visiwani kufunga taa za zahanati. Boti ilipinduka. Wengine walipatikana, yeye hakupatikana. Tulingoja ufukweni mpaka wazee wakasema basi.

Sasa, kama wewe si wa kwetu, sikiliza vizuri. Mtu akipotea majini na mwili usipatikane, Wajaluo hawaachi kaburi tupu. Huchukuliwa tunda la mti wa yago, lile refu na zito, likazikwa mahali pake, na watu wakalia kama kawaida. Ndivyo tulivyofanya nyumbani kwao Suna. Nikanyolewa kichwa, zikaenda nywele zote. Na kutoka siku hiyo nikawa mjane aliye katika chola, yaani haingii nyumba ya mtu, haendi kwao, harudi kazini, mpaka siku atakapomwota mumewe. Akimwota, inajulikana kwamba marehemu amekuja kuaga. Mjane anafunguliwa.

Mimi sikumwota.

Kila asubuhi mama mkwe alinijia na uji na swali lilelile. "Amekuja?" "Bado, mama." Mvua za kwanza zikapita, mahindi yakavunwa, bado. Niliota mbuzi, niliota mwalimu wangu wa darasa la pili, niliota nimesahau kufunga duka langu la vitambaa hapa Homa Bay. Stima hakuonekana. Wanawake walianza kunong'ona kwamba pengine hatukupendana. Walijua nini wao? Nilikuwa nalala mapema kama kuku kusudi nimpe nafasi ya kuja! Nilimtamani mpaka mifupa ikauma. Sikutaka kufunguliwa, nilitaka kumwona tu, hata usingizini, hata kwa kisogo.

Shemeji yangu aliniletea ubao na treni kutoka Homa Bay. Kule bomani hakukuwa na umeme, kwa hivyo tuliunga nyaya kwenye betri ya gari. Ikakataa. Inaguna, inasogea kidogo, inakwama. Nikasugua reli, nikatia tone la mafuta, nikapuliza unga wa sam. Wapi! Mwishowe betri yenyewe ikafa, na mama mkwe akaituma sokoni ikachajiwe. Shika hilo la betri. Ilikuwa sokoni.

Jioni hiyo mvua ilinyesha ya kufa mtu. Nilikuwa nimewasha taa ya mafuta, ubao uko sakafuni mbele yangu, ndipo nikasikia hodi. Mlangoni palisimama mwanamume mrefu aliyejifunika karatasi ya nailoni. Sura sikuijua. Alinisalimu kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, nikadhani ni Mkuria, jirani zetu wa upande wa Kegonga.

"Mama, naomba kujikinga mvua kidogo. Natoka Kegonga, naelekea Homa Bay."

"Kwa miguu? Mvua hii?"

"Nafuata njia ya treni," akasema.

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Nikamwambia aingie, na mlango nikauacha wazi kwa sababu ya macho ya watu. Alichuchumaa karibu na ubao. Nilitaka kumpa kitambaa ajifute, halafu nikaona hakina kazi. Ile nailoni haikudondosha hata tone. Miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi, siku ya mvua kama ile!

Kabla sijauliza, akaichukua treni na kuigeuza chali. Aliishika kwa vidole viwili ubavuni, asiguse magurudumu. Nani alimfundisha hivyo? Akaokota koleo ndogo, akaisogeza taa, akaanza kuvuta kitu kwenye ekseli ya behewa la mwisho. Sikuwa nimefikiria kuangalia huko. Ukatoka unywele mmoja, mrefu. Akavuta mwingine. Alivuta polepole, bila kukata hata mmoja, na mimi nikaangalia kidole gumba chake cha kushoto, nikaona kovu la kuunguzwa na waya. Kovu hilo nililipaka dawa mimi mwenyewe.

"Nywele zako zilikuwa nzuri, Nyar Karachuonyo," akasema, safari hii kwa Kijaluo.

Ungefanya nini wewe? Watu husema ukimwona marehemu unapiga kelele, unakimbia. Mimi nilishika kichwa changu chenye nywele fupi za kuota upya nikaona aibu, eti ameniona vibaya. Nikamuuliza kitu kimoja tu: "Mbona ulichelewa?"

"Lile tunda mlilozika haliwezi kukutembelea usingizini," akasema. "Halikujui. Ikabidi nitembee."

Sura ilikuwa bado ya yule mgeni, lakini sauti ilikuwa yake yote. Akairudisha treni kwenye reli. Ikaondoka. Haikuguna, haikusita. Homa Bay, Rongo, Awendo. Nikalaza kichwa ubaoni kama zamani, machozi yanatiririka kwenye plaiwudi, nikaiona ile pua ya mviringo ikinijia. Ilipofika Suna nikafungua mdomo kutangaza, ikapita.

"Suna haisimami?"

"Leo haina wa kumshusha."

Nikamwomba akae. Sikumwomba kwa heshima, nilimsihi kama mtoto. Nikamwambia mlango nitaufunga, watu waseme watakavyo. Alitikisa kichwa.

"Kesho mama akikuuliza, mwambie umeota."

"Nisipomwambia?"

"Wewe utabaki ndani ya boma hili, na mimi nitabaki njiani. Umechoka. Hata mimi nimechoka."

Ng'ambo ya ua mama mkwe akakohoa, akaita, "Nyar Karachuonyo, kuna mtu?" Nikageuza uso mlangoni nafasi ya kuvuta pumzi tu. Nilipoangalia tena, palikuwa na taa na ubao, basi. Treni ilikuwa inapunguza mwendo, ikasimama yenyewe penye chaki ya Homa Bay. Nyaya zake zilikuwa sakafuni, ncha zake hazikuunganishwa na kitu. Zile nywele nilizitafuta kila mahali. Alikwenda nazo.

Nilikaa mpaka kukapambazuka nikipigana na nafsi yangu. Kama singesema, huenda angekuja tena. Hilo nililijua. Niliona miaka mbele yangu, mimi na taa, nikingoja hodi, na nikuambie kweli, iliniita. Halafu nikakumbuka lile vumbi miguuni pake. Ni mwendo gani ule, kutoka Kegonga mpaka Homa Bay, kwa reli ambayo haipo?

Mama mkwe akaja na uji.

"Amekuja?"

"Nimemwota, mama."

Bakuli lilimponyoka. Nilingoja aniulize alisema nini, alitaka nini, kama wanavyouliza siku zote. Lakini yeye alikuwa mama wa mtu aliyemezwa na ziwa. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza jambo moja.

"Alikuwa mkavu?"

"Alikuwa mkavu, mama. Mkavu kabisa."

Tukalia pamoja mpaka jua likawa kali. Baadaye, akifuta pua kwa leso, akasema eti usiku alisikia kile kichezeo chetu kikikimbia, akashangaa, maana betri haijarudi kutoka sokoni. Akanitazama. Nikamtazama. Hatukulizungumza tena mpaka alipoingia kaburini.

Nikafunguliwa, nikarudi Homa Bay, nikafungua duka. Waliokuja kuniposa niliwapa chai nikawasindikiza. Stima hajarudi, si kwa mlango wala kwa ndoto. Alikuja mara moja, na nilimruhusu aende kwa neno langu mwenyewe. Kwa hivyo mtu wako akitangulia na watu wakuharakishe kusema umeagana naye, sema ukiwa tayari. Neno hilo halirudi nyuma.

Treni naitunza. Reli nazisugua kwa spiriti, tone la mafuta naliweka, sam nawapuliza. Nywele zangu zimeota tena, sasa ni za kijivu, na Jumamosi jioni bado nalaza kichwa ubaoni. Ndiyo maana unaiona imekwama pale. Ekseli zimejaa. Naona unavyoiangalia, na mikono yako ni ya fundi. Tafadhali, usizitoe hizo nywele. Kuna mtu wa kuzitoa.