Kabla Mgeni Hajalipia Uwindaji, Yeye Humpigia Mpishi

Saa mbili asubuhi, chai yake imeshapoa. Simu ameibana kati ya bega na shavu, na upande wa pili kuna mtu anakata vitunguu.

"Shikamoo mpishi. Ni mimi tena, yule wa maswali."

Katika ofisi hii ya uwakala, yenye feni inayolalamika kuliko wafanyakazi, wenzake wanamwita Dada Maswali. Kazi yake ni kuchunguza kampuni za uwindaji na waongozaji wao kabla wageni hawajalipia safari. Hukagua leseni, vibali na bima. Kisha humwacha mwenye kampuni na maneno yake matamu, akamtafuta mpishi wa kambi.

"Mwenye kampuni atakutumia mapicha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema, akisugua macho. "Mpishi ndiye anayewaona wakirudi. Anajua nani karudi kalewa, nani karudi bila mtu wake."

Ni kazi inayochosha. Waongozaji humtukana, wageni humwona anawachelewesha, na mshahara wake hauifikii wiki ya mwisho ya mwezi.

Lakini jalada la leo linamchosha kuliko yote. Ni la mdogo wake wa kiume, naye ni mwongozaji.

Misimu miwili iliyopita, mgeni wa mdogo wake alimjeruhi nyati, jua likielekea kuzama. Mwongozaji ndiye mwenye bunduki, na ndiye anayepaswa kuingia kichakani kumfuatilia, pamoja na msoma nyayo. Mdogo wake alibaki garini na mgeni, akamtuma mzee wao msoma nyayo peke yake. Mzee yule alirudi amebebwa, paja limechanwa.

Mpishi alimweleza Dada Maswali, naye akakataa kumpitisha ndugu yake. Tangu hapo ofisi haijampa mgeni hata mmoja; anaishi kwa wageni wa mawakala wengine. Wakikutana kwa mama yao, dada akiingia sebuleni, mdogo mtu anatoka kwa mlango wa uani.

"Mama ananiambia damu nzito kuliko maji," anasema. "Namjibu, Mama, hata iliyomwagika kule ilikuwa damu."

Sasa mdogo wake ameomba tena. Leseni iko sawa, bima iko sawa. Limebaki neno la mpishi, ambaye sasa ameacha kukata vitunguu.

"Amebadilika, mwanangu," mpishi anasema. "Pombe kaacha. Juzi kamfuata mwenyewe nyati aliyejeruhiwa, yeye mbele."

"Na mzee wetu?"

"Karudi kazini, anachechemea. Ila na mdogo wako haendi porini."

"Alishamwomba radhi?"

"Anampitia tu pale jikoni kama hamwoni."

Dada Maswali anakata simu na kulifunga jalada bila kulitia sahihi. Anasema amechoka kuwa mbaya wa familia. Anatamani msimu huu uishe akiwa amekaa meza moja na mdogo wake, wakigombea nyama kama zamani.

Simu inalia. Ni mama.

"Umempitisha mwenzio?"

"Bado, Mama."

"Mpaka nife?"

Anafumba macho. Sauti inapotoka, ni ya mtoto wa kwanza aliyezoea kubebeshwa.

"Mama, mwambie aende jikoni akamwombe radhi yule mzee. Akishaenda, mpishi ataniambia. Mimi nitapiga tena kesho, na keshokutwa pia."